Kihispania cha Nsemulwa

Watu wa Mpanda wakikupa jina, umepewa. Josefina Kalisti alirudi kutoka Hispania akiwa kichwa wazi, hana shela la utawa wala msalaba wa shirika, lakini mpaka leo muuza dagaa, fundi cherehani na vijana wa bodaboda wote wanamwita Sista. Wapo wanaolitamka jina hilo kwa heshima, na wapo wanaolitamka huku wakikonyezana. Yeye huitika yote mawili kwa sauti ileile na kuendelea na safari yake.

Alizaliwa Usevya, huko Mpimbwe, kwenye mpunga. Siku alipoondoka kwenda utawani kulichinjwa mbuzi, kwaya ikaimba mpaka sauti zikakauka, na mama yake, Rozalia, akakalishwa mbele kanisani kama bibi harusi. Shirika lililompokea Josefina lilimpeleka kwenye mji mdogo wa Hispania ambako masista wana shule ya chekechea. Alifika hajui neno hata moja. Walimu wake wa kwanza wa Kihispania wakawa watoto wa miaka minne, ambao hawana haya kabisa: ukikosea wanacheka, wanakurekebisha, halafu wanakukabidhi mdoli wao mwendelee na mchezo. Alijifunza jina la maji kwa kumwagiwa maji. Alijifunza jina la mchanga kwa kuutema.

Alipenda kazi ile kuliko alivyotegemea. Ndiyo iliyomfungua macho. Ulipokaribia wakati wa nadhiri za daima alimwendea mama mkuu, akamwambia kwamba moyo wake uko darasani, hauko konventini. Waliagana kwa machozi na kwa amani. Basi, kisa ni hicho tu, hakuna kingine. Lakini nenda kawaeleze Usevya! Siku aliyorudi hakuna aliyechinja hata kuku. Wengine wakasema kafukuzwa, wengine wakamtazama tumbo, na tumbo lilipokataa kukua wakatafuta jingine la kusema. Mama yake alikuwa akiulizwa kisimani, sokoni, hata kwenye foleni ya komunyo, naye hakuwahi kumwambia mtu zaidi ya kwamba mwanawe ni mzima.

Josefina akahamia Mpanda mjini. Akasomea ualimu wa awali, akapata kazi kwenye shule moja ya binafsi pale Nsemulwa. Mwalimu mkuu wake, Mwalimu Maximilian, ni mtu mwembamba anayependa shule yake iwe na kitu ambacho shule nyingine haina. Wengine walikuwa na basi la njano, wengine kompyuta. Siku moja akamsikia Josefina akiwaimbia watoto wimbo wa kunawa mikono kwa maneno asiyoyajua, nao wanaitikia bila kubabaika. Akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, kisha akamwambia waanze kipindi cha Kihispania, chekechea mpaka darasa la pili.

Mji ukacheka. Alex, dereva wa bodaboda ambaye mwanawe yuko darasa la kwanza, alikuwa akiuliza abiria wake wote swali moja: "Kihispania cha nini Mpanda? Au tembo wa Katavi nao siku hizi wanataka mkalimani?" Lakini mwanawe alikuwa anarudi nyumbani akitaja majina ya wachezaji wa timu za Hispania jinsi yanavyotamkwa kwao, na Alex, ambaye mpira kwake ni kama dini ya pili, alikuwa anayarudia kimyakimya akiwa anapasha injini.

Nisifiche, mimi ninayesimulia nampenda huyu mwalimu, na darasa lake ndilo sababu. Hana vitabu vya Kihispania, na wala havitafuti. Ana gunia la mahindi, ana mchele kwenye kopo, ana ndoo ya maji na paka wa shule asiye na mwenyewe. Mtoto anashika mahindi anasema *maíz*, anachota mchele anasema *arroz*, anamkimbiza paka uwanja mzima akipiga kelele *gato, gato*. Kiingereza kinawatesa watoto wetu kwa sababu kinaandikwa hivi na kusomwa vile. Kihispania kinasomwa kama kilivyoandikwa, kama Kiswahili, na kinaingia mdomoni kama ugali wa moto. Hata wale waliotoka Mishamo, ambao nyumbani wanaongea Kirundi, hawakubaki nyuma.

Na kila siku, kabla ya kengele ya mwisho, Josefina huwapa watoto wake neno moja la kubeba. Sharti lake ni moja: ukifika nyumbani umfundishe au umwambie mtu mzima wa kwanza utakayekutana naye. Maneno yakawa yanatembea Nsemulwa nzima mikononi mwa watoto kama vijidumu vya maji. Wamama walikuwa wanakoroga *arroz*, wababa walikuwa wanaletewa *agua* ya kunawa.

Hapo ndipo balaa lilipotokea.

Siku hiyo neno la kubeba lilikuwa salamu. Josefina aliwafundisha alivyofundishwa yeye: simama wima, mtazame mwenzako machoni, tabasamu, sema *hola*. Watoto walipotaka kujua Wahispania wanafanya nini zaidi, akawaeleza na lile la kubusiana mashavuni, kulia na kushoto, wakaangua kicheko darasa zima. Akacheka nao. Alikuwa amesalimiwa hivyo kila siku kwa miaka saba, na hakukumbuka hata kidogo inavyoonekana kwa macho ya Mpanda.

Sasa, Mzee Kashinje ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Ni Msukuma mwenye ng'ombe wake Kabungu, mtu wa maneno machache, na mjukuu wake Mary yuko darasa la kwanza. Mchana ule mzee alikuwa amekaa barazani kwa mwanawe na wazee wenzake, wanazungumza malisho. Mary akatokea na begi lake mgongoni. Siku zote anapomwona babu yake hupiga goti, akainamisha macho, akaamkia. Siku hiyo alikuja moja kwa moja, akasimama mbele yake wima kama nguzo ya umeme, akamkazia macho, akamwita babu kwa Kihispania, "*Hola, abuelo!*" Kisha, mbele ya wazee wote, akamshika babu masikio mawili na kumbusu shavu la kulia na la kushoto.

Mzee mmoja akakohoa. Mzee Kashinje hakumpiga mtoto wala hakumfokea. Alichukua fimbo yake akaenda zake shuleni kwa miguu, jua likiwa kali.

Kufikia jioni habari ilikuwa imetiwa chumvi mpaka ikawa haitambuliki. Zuhra, mwenye duka la khanga na mzazi mwenzao, aliisikia kwamba watoto wanafundishwa kubusiana. "Kwetu mtoto anambusu mkubwa mkono," alimwambia kila aliyekuja kununua. "Shavu la nini? Shavu la nini jamani?" Mwalimu Maximilian alimwita Josefina ofisini na kumwambia kwamba Jumamosi kamati na wazazi watakutana kuamua.

"Kazi yako haina tatizo, Mwalimu," alisema, akikwepa macho yake. "Utabaki na chekechea yako, kusoma na kuhesabu. Ila Kihispania, wakikataa, mimi siwezi kuwapinga. Watoto ni wao."

Josefina alijikaza, akashukuru, akatoka. Alipofika nyuma ya choo cha walimu, mahali pekee shuleni ambapo hakuna dirisha linalotazama, akalia. Kazi haikumliza. Kilichomliza ni ile miaka saba. Hakurudi na shela, hakurudi na nadhiri, hakurudi na cheo wala mali. Alirudi na lugha, na watoto wa Nsemulwa walikuwa wameipokea. Kikifutwa Kihispania, miaka ile yote itabaki kuwa miaka ya kushindwa, kama watu walivyokuwa wakisema tangu mwanzo.

Alipiga moyo konde akaenda kwa Mzee Kashinje kuomba radhi. Mzee alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sina ugomvi na we, binti," alisema. "Wala mtoto hana kosa, kafanya alichotumwa. Nina ugomvi na hiyo lugha inayomsimamisha mtoto mbele ya mkubwa. Unajua goti ni nini? Mtoto akipiga goti ananiambia amefika kwangu. Anakaa pale chini, anangoja. Nikimjibu, ndo nimempokea, anainuka. Pale anapongoja ndipo tunapomlea. Sasa nyie mmepaondoa. Mmempa neno moja, kishapita."

Josefina alirudi kwake akiwa amechoka mwili na roho. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Usevya kutibiwa mguu, na alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Josefina akamsalimia, akavuta stuli, akaanza kumweleza yote: Mary, mashavu, fimbo ya mzee, Jumamosi. Alitegemea mama atamwonea huruma.

Rozalia aliendelea kuchambua. "Mzee huyo mimi namwelewa," alisema. "Hata we tangu urudi unanisalimia umesimama. Nilinyamaza tu. Nikasema huko alikokaa wamemnyoosha magoti, basi, bora kaja mzima."

Josefina aliona uso wake unawaka. Ni kweli, na hakuwahi kuligundua. Alikumbuka siku zake za kwanza konventini, alivyompigia goti sista mmoja mzee jikoni na kupiga makofi taratibu kama bibi zake wa Mpimbwe wanavyofanya, na yule sista alivyomshika mikono akamwinua akisema inuka, inuka, hapa hatufanyi hivyo. Alimwinua kwa upendo. Naye aliinuka, na akabaki ameinuka.

Akaiacha stuli. Akashuka chini mbele ya mkeka, akapiga goti, akainamisha kichwa na kukutanisha viganja vyake mara kadhaa, polepole. Halafu, na mpaka leo hajui kilichomtuma, salamu ikamtoka kwa Kihispania.

Mama yake hakushangaa. Alipiga makofi yake ya kuitikia, akajibu kwa Kipimbwe, jibu lote refu, na kummwagia baraka. Hakuwa ameelewa neno hata moja, na alikuwa ameelewa kila kitu. Josefina akainuka pale akiwa mtu mwingine.

Siku zilizobaki mpaka Jumamosi alifundisha kitu kimoja tu. Watoto walikuwa wepesi, maana goti wanalijua tangu wanatambaa. Ila mtoto wa Alex, anayependa kuhakikisha mambo, alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwani Wahispania nao wanapiga goti?"

"Hapana. Sisi ndo tunapiga."

"Kwa Kihispania?"

"Kwa Kihispania."

Mtoto akatafakari kidogo, akaridhika, akapiga goti.

Jumamosi asubuhi wazazi walijaa darasa la pili, wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Zuhra alikuwa mbele na mkoba wake mapajani. Alex alisimama mlangoni na helmeti mkononi, tayari kwa utani. Rozalia alikuwa ameomba akalie benchi la nyuma, na hakuna aliyemjua. Mzee Kashinje alikaa kiti cha mwalimu, fimbo katikati ya miguu. Baada ya sala Mwalimu Maximilian akasema ajenda wanaijua, na kabla ya kuijadili Mwalimu Josefina ameomba watoto waje wawasalimie wazee wao. Akapitisha leso usoni.

"Wasije wakatubusu tu!" Alex alipaza sauti, na watu wakacheka.

Watoto wakaingia kwa mstari, Mary mbele. Hakuna aliyepunga mkono. Walipofika mbele ya wazazi wakashuka wote kwa pamoja, wasichana kwa goti, wavulana wakachuchumaa, macho chini. Viganja vikalia taratibu, pa, pa, pa, makofi madogo ya kwetu ambayo kila mtu mle ndani aliyafahamu hata kama kwao hayapigwi. Na juu ya makofi hayo zikaja sauti ndogo, wazi, za watoto wenye mapengo:

"*Buenos días, abuelos y abuelas. ¿Cómo están ustedes?*"

Kisha kimya. Watoto walikuwa wameamkia, wanangoja.

Wazazi wakatazamana. "Marahaba," mmoja akajaribu, lakini aliona mwenyewe halikai pale, akalimeza nusu. Watoto hawakuinuka. Alex, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu anazaliwa, alikosa. Kimya kikawa kirefu, magoti ya watoto yako kwenye saruji, vichwa viko chini, na hakuna mtu mzima hata mmoja mle ndani aliyejua afanye nini. Josefina alikuwa amesimama ukutani. Hili hakulipanga. Alikuwa amewafundisha watoto kuamkia, akawafundisha na kungoja, na ilikuwa haijamjia akilini kwamba wazazi hawajui kuitikia.

Mwalimu Maximilian alishindwa kuvumilia. "Haya watoto, inatosha. Inukeni."

Hakuna aliyeinuka.

"Waache," alisema Mzee Kashinje. "Watainukaje? Hawajajibiwa."

Aliiegemeza fimbo yake mezani. Akainama mbele kwenye kile kiti, mikono magotini, mpaka kichwa chake kikakaribia kile cha mjukuu wake. Sauti aliyoitumia ilikuwa ya chini, ila darasa lilikuwa kimya kiasi kwamba hata waliosimama dirishani walimsikia.

"Mary, mama yangu. Hapo babu nijibu nini?"

Mary hakuinua macho. "*Muy bien, gracias*, babu. Ndo sijambo, asante."

Mzee alilijaribu jibu mdomoni. Mara ya kwanza lilimkwama njiani. Mary akalirudia, polepole, kama mwalimu wake anavyorudia, na mara hii babu akalitoa lote, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto: "*Muy bien, gracias!*" Nyuma yake Zuhra akalidaka, kisha Alex mlangoni, kisha madawati yote, wakulima na wafanyabiashara na wafugaji, kila mmoja na lafudhi ya kwao, mpaka mabati yakaitikia. Kutoka benchi la nyuma yakasikika makofi ya Kipimbwe ya kupokea salamu. Hapo sasa watoto wakainuka, wanang'aa nyuso, wanajipangusa vumbi magotini.

Josefina alikuwa analia wazi, hajifichi nyuma ya choo chochote. Alijivuna, na lazima niliseme kama lilivyo. Alijivunia watoto wale mpaka kifua kilimuuma. Hispania hawana salamu kama hiyo, wala haikuwapo Mpanda kabla ya asubuhi ile.

Kelele zilipopungua Mwalimu Maximilian alijikohoza na kuuliza kama wazazi wako tayari kupiga kura.

"Kura ya nini?" Mzee Kashinje aliuliza. "Salamu haijaisha. Wameuliza hujambo, wakaishia njiani. Hapa kwetu unauliza nyumbani, unauliza shamba, unauliza mvua, unauliza mifugo. Hawajaniuliza ng'ombe." Akamgeukia Josefina, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu anayemhitaji. "Mwalimu, ng'ombe huko mnawaitaje?"

"*Vacas*, mzee wangu."

"*Vacas*," alirudia mzee, akatikisa kichwa kukubali. "Jumatatu waanze na hao. Na sisi mtufundishe kujibu, tusije tukaachwa na watoto chini tena."

Watu wakaanza kusimama, madawati yakilia. Zuhra, aliyekuwa anatafuta kiatu chake kimoja kilichosukumwa na miguu ya watu mpaka chini ya benchi la nyuma, aliinukia mbele ya yule mama mgeni mwenye mguu uliofungwa bandeji na kumuuliza kwa umbea wa kawaida tu kama anamjua mwalimu huyu, kajifunzia wapi mambo haya.

Rozalia alisimama kwa shida, akajishika dawati. Alingoja mpaka walio karibu wakageuka, na wa mbali nao wakageuka, halafu akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Huyo ni mwanangu. Nilimpeleka Hispania miaka saba, akasome."